Adabu ya Kujaribu Motokaa

Msomaji, ukisimama katika soko la mbuzi la mji wowote ulio chini ya Mlima Kenya, utaona jambo linalostahili kutazamwa. Mzee anayetaka kununua beberu hatoi fedha kwanza. Humshika mgongo apate kujua kama ana nyama, humfunua kinywa ayatazame meno, kisha huilegeza kamba mnyama aende hatua chache; maana mbuzi mwenye kilema cha mguu huweza kukificha akiwa amesimama, lakini akitembea hawezi. Mwenye mali husimama kando wala hakasiriki. Ajua kwamba hakuna mtu mwenye akili anunuaye mbuzi ndani ya gunia. Mnunuzi naye ana wajibu wake. Hamtesi mnyama, hamsingizii ila mbele za watu ili kuivunja bei, wala hamsumbui mwenzake kutwa nzima kwa mali asiyokusudia kuinunua.

Desturi hiyo ya kale yafanana sana na desturi mpya ninayotaka kukueleza, yaani kujaribu motokaa kabla ya kuinunua, hasa motokaa za fahari zenye bei kubwa. Huenda ukafikiri kwamba jambo hili ni dogo, au kwamba ni la matajiri peke yao. Sivyo. Mtu akikupa ufunguo wa gari lake kabla hujamlipa hata senti moja, amekupa imani yake. Katika historia ya nchi yetu walikuwapo watu walionyimwa imani hiyo, na sababu za kunyimwa kwao zafaa zijulikane na kila kijana asomaye.

Natuanze mbali kidogo. Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani alipata hati ya kuilinda kazi yake ya kubuni gari la magurudumu matatu lililokwenda kwa injini. Watu walilitazama kwa mshangao, walakini waliogopa kulinunua. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari hilo pasipo kumwarifu mumewe, akafuatana na wanawe wawili, wakaenda kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilomita zaidi ya 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipochakaa, alimwomba fundi wa viatu azivike ngozi. Mafuta yalipopungua, aliyanunua katika duka la dawa. Gari lilishindwa kupanda vilima vikali, ikawabidi walisukume. Aliporudi, habari za safari yake zilimfanya Benz aongeze gia ya kupandia milima. Basi, tangu mwanzo kujaribu gari kulikuwa ni kutafuta ukweli wake, na ukweli huo ulionekana kilimani.

Sisi tukaao Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki hatuhitaji kufundishwa habari za vilima. Waingereza walijenga boma lao Nyeri mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya kwanza walowezi wengi walipewa mashamba upande wa Nanyuki. Motokaa ziliwafuata. Barabara zilikuwa za udongo mwekundu, na wakati wa masika udongo huo huteleza kama sabuni. Mlowezi aliyetaka gari alikwenda Nairobi, mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Nyeri, yalikokuwa makampuni makubwa ya kuuza magari. Mojawapo lilikuwa D. T. Dobie, lililoanzishwa mwaka 1949, ambalo lilipata kujulikana sana kwa kuuza Mercedes-Benz.

Je, Mwafrika wa Nyeri alikuwa wapi katika biashara hiyo? Alikuwako, lakini hakuwa mnunuzi. Alikuwa dereva, au taniboi juu ya lori, au mwoshaji. Babu yangu aliosha motokaa ya mlowezi mmoja kwa miaka kadhaa. Aliijua kila pembe ya bodi yake, wala hakuketi katika kiti cha mbele hata siku moja. Fedha pia zilikuwa haba, na uhaba huo haukuwa bahati mbaya. Kahawa, zao lenye bei nzuri, ilikatazwa kwa wakulima Waafrika wa Nyeri mpaka miaka ya 1950, ijapokuwa Meru na Embu zilikuwa zimeruhusiwa kuanza kidogo kidogo katika miaka ya 1930. Tena ilikuwapo sheria ya ukoloni juu ya mikopo: deni la Mwafrika likizidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani, isipokuwa mapatano yake yameidhinishwa na ofisa wa serikali. Wenye sheria walisema kwamba walitaka kumlinda Mwafrika asiingizwe katika madeni. Lakini fikiri, msomaji: ni mfanya biashara gani angemkopesha mtu ambaye sheria yenyewe yamtangaza kuwa haaminiki? Mtu asiyeweza kukopeshwa baiskeli mbili hakupewa ufunguo wa motokaa aijaribu.

Mwaka 1953 lilitokea jambo lililobadilisha namna watu wa Afrika Mashariki walivyoyapima magari. Yalianzishwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa pili. Magari yalipangwa katika makundi, wala si kwa ukubwa wa injini bali kwa bei ya dukani. Kwa njia hiyo mnunuzi aliweza kuyalinganisha magari ambayo yangeweza kumshindania fedha zake. Yalikuwa majaribio ya hadharani, yaliyofanywa katika matope na mavumbi ya nchi hii hii.

Lakini mwaka huo huo watu wa Nyeri walikuwa ndani ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Mtu hakuweza kwenda atakako pasipo kibali. Mwaka uliofuata maelfu walianza kuhamishwa wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Wakati wenzao walikuwa wakishindania mwendo, wao hawakuwa na ruhusa ya kutembea kwa miguu kutoka kilima kimoja mpaka kingine. Mambo hayo mawili yakumbukwe pamoja.

Baadaye mashindano ya Safari yalipita mara nyingi katika barabara zinazouzunguka Mlima Kenya, na watoto wa shule walisimama kandokando ya njia kuyatazama. Mtazamaji asiye na shilingi mfukoni aliweza kuwa mwamuzi. Aliona kwa macho yake ni gari gani lililopanda na lipi lililokwama. Mercedes-Benz ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu, na mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na mwingine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Yeye na ndugu yake waliinunua kuukuu, wakaitengeneza wakijua kila kasoro yake. Ushindi huo uliwafundisha wengi kwamba gari hujulikana kwa kuchunguzwa, wala si kwa kung'aa.

Uhuru ulikuja Desemba 1963. Mashamba ya kahawa yaliyopandwa katika miaka ya 1950 yalikuwa yamekwisha kuzaa, vyama vya ushirika vililipa wakulima, na wengine waliungana kununua gari la abiria. Peugeot 404, na baada ya 1968 ndugu yake 504, zilipendwa sana kwa safari za kati ya Nairobi na miji ya mlimani kwa sababu zilivumilia mashimo. Wenye vyeo walipenda Mercedes-Benz. Ndipo Waswahili wakatunga jina ambalo hata leo latumika: Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya. Jina hilo lina kicheko ndani yake, lakini lina uchungu pia. Kwa kuwa gari lilikuwa alama ya ukubwa, wauzaji walianza kuwapima wateja kwa macho. Rangi ya ngozi ilipoacha kuwa kipimo, mahali pake pakashikwa na koti na viatu. Mkulima wa kahawa aliyeingia dukani na mabuti ya shambani aliweza kuketi saa nzima pasipo kuulizwa shida yake, ijapokuwa huenda alikuwa na fedha zaidi kuliko kijana mwenye tai aliyehudumiwa kwanza.

Sasa nikueleze jinsi jaribio linavyofanywa siku hizi, maana huenda siku moja likakuhusu. Magari mengi yauzwayo katika miji yetu ni yale yaliyokwisha kutumiwa Japani, yakaletwa kwa meli mpaka Mombasa. Na sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Huwekwa katika viwanja ambavyo watu huviita yadi. Mnunuzi mwenye adabu hupiga simu kwanza, akafika saa aliyoahidi, akiwa na leseni yake ya udereva. Mwuzaji huitazama leseni hiyo, na mnunuzi hapaswi kuona kwamba ametukanwa, kwa maana gari likipata ajali bima yaweza kukataa kulipa ikiwa dereva hana leseni. Aghalabu mwuzaji huketi kando yake na kumwonyesha njia. Mnunuzi huomba injini iwashwe ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wake kama mgonjwa aliyemeza dawa ya maumivu. Huomba kupita kilimani, katika barabara mbovu na katika barabara laini. Husikiliza zaidi kuliko anavyosema. Hali chakula ndani ya gari, hapakii rafiki zake wote, wala haendi mbio ili aonekane na watu sokoni. Akipata kasoro huitaja kwa upole. Asipolitaka gari husema hivyo waziwazi, akashukuru.

Mwuzaji naye yampasa kumkaribisha kila aingiaye kwa sauti ile ile, kusema kweli juu ya umri wa gari na ajali zake, na kutomharakisha mtu anayetaka kutoa akiba ya miaka mingi. Mkulima afanyaye jaribio la nusu saa anajaribu kuokoa mavuno ya misimu kumi.

Nimekwisha kusema mengi juu ya makosa ya wengine. Haki yataka nikuambie na langu. Miaka michache iliyopita, siku ya Jumamosi, niliona katika yadi ya mji mmoja wa huku kwetu Mercedes-Benz nyeusi iliyonipendeza mno. Mshahara wangu wa ualimu haukuweza kununua hata milango yake. Nilirudi nyumbani nikavaa suti yangu ya sherehe, nikaenda nikamwambia mwuzaji kwamba natafuta gari. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliniita mheshimiwa, akatazama leseni yangu, akanipa ufunguo. Tulikwenda mpaka tukauona mlima umefunuka wote, theluji yake yang'aa juani. Nilimwuliza maswali mengi ya mtu mwenye fedha, naye alinijibu yote kwa uvumilivu.

Tuliporudi, saa mbili zilikuwa zimepita. Mlinzi alimwambia kijana yule kwamba mzee mmoja alikuja kujaribu pikapu, akangoja, kisha akaondoka. Nikamwuliza, "Je, atarudi?"

Akajibu, "Labda, mheshimiwa. Amesema anakwenda kutafuta kwingine."

Hakusema zaidi. Baadaye nilipata kujua kwamba kijana yule hakuwa na mshahara. Aliishi kwa fungu dogo la bei ya kila gari aliloliuza. Kwa siku nyingi neno hilo halikunitoka moyoni. Babu yangu hakuaminiwa hata kuketi katika gari aliloliosha, wala hakuwa amefanya kosa lo lote. Mimi niliaminiwa kwa sababu ya suti, nami nikaitumia imani hiyo kumnyang'anya kijana maskini riziki ya siku yake.

Jumamosi nyingine nilirudi kwa miguu, nimevaa nguo zangu za kila siku, nikamweleza kweli na kumwomba radhi. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Mwalimu, ungalisema tangu mwanzo kwamba wataka kulionja tu, ningalikupakia siku isiyo na wateja."

Msomaji, nimeyaandika maneno ya kijana yule kwa sababu sikupata funzo la adabu lililo bora kuliko hilo katika vitabu vyangu vyote. Hakunikataza kutamani kitu kizuri. Alitaka kweli tu, na kwa kweli hiyo angalinipa bure kile nilichokipata kwa hila. Nawe utakua, pengine utanunua gari, pengine utauza. Ukiwa mwuzaji, mkumbuke mzee mwenye mabuti, ukamkaribishe kabla hujamtazama miguuni. Ukiwa mnunuzi, kumbuka kwamba ufunguo uliowekwa mkononi mwako ulikuwa haramu kwa babu zako. Ushike kwa heshima, na ukiurudisha, urudishe pamoja na jibu la kweli.