Mvua ya kwanza shambani: Butembo na Beni wakati wa msimu A

Katika vitabu vya shule, watoto wa Butembo wanasoma kwamba mwaka una majira ine, na moja yao ni ile ya miti kuchipuka baada ya baridi kali. Huku majira hiyo haiko. Mji uko karibu kabisa na ikweta, kwenye milima yenye kupita metre 1700, na shamba linachipuka mara mbili kwa mwaka, kila mvua inaporudi. Msimu A unaanza mwisho wa mwezi wa nane na mwezi wa tisa. Msimu B, kati ya mwezi wa pili na wa tatu.

Kisha mvua kubwa ya kwanza vumbi inalala, kumbikumbi wanatoka ardhini, na watoto wanakimbia na mabeseni. Lakini kizuri kupita vyote ni kahawa. Vichipukizi vya maua vilivyongojea wakati wa jua vinafunguka pamoja, kama wiki moja baada ya mvua nzuri. Shamba lote linakuwa jeupe, harufu yake tamu inafika mpaka barabarani. Siku mbili ao tatu, basi, maua yamekauka. Kahawa ya Arabica itangojewa tena miezi nane ao tisa mpaka iive.

Mwenye shamba hana nafasi ya kusimama na kuangalia. Maharagi yanataka kupandwa mara tu udongo umelowa vizuri: mbegu mbili ao tatu kwa shimo, na shimo lisiwe refu, vidole viwili vinatosha. Wiki mbili ao tatu kiisha hapo ni kupalilia, mbele maua hayajatoka. Asubuhi, kama majani ingali na maji, afazali kungoja. Mtu akipita ndani yake anabeba ugonjwa toka shina moja mpaka lingine. Kwenye miteremko kama ya Lubero kuko kazi nyingine inayosahauliwa: kuzibua mitaro na kupanda matete pembeni yake. Bila hiyo, mvua inabeba udongo mzuri inaupeleka mtoni.

Shida kubwa iko kwenye mbegu. Mwezi wa tisa njo masomo yanaanza, na gunia la maharagi lililo nyumbani linaitwa mara tatu: chakula, pesa ya daftari na sare, na mbegu. Mama anaketi kwenye kiwanja na ungo, anatoa zilizotobolewa na zilizojikunja, anaweka nzuri kando pamoja na majivu ili wadudu wasiingie. Jamaa iliyokula mbegu yake inalazimika kununua sokoni wakati kila mtu anatafuta, ao kukopa kwa jirani na kulipa kwa mavuno. Ni deni linaloumiza, sababu linalipwa wakati bei ya maharagi imeanguka.

Upande wa Beni, mvua pekee haitoshi. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya raia yamefanya watu wengi wakimbie mashamba yao, kuzunguka Oicha, Mbau na Eringeti. Wengine wanatoka kwa kundi, wanarudi mapema jioni, na kakao inaiva mtini bila mchumaji. Maharagi hayangoji. Mtu akikosa wiki za kwanza, mahindi yake yatakutwa na jua la mwisho wa mwaka mbele ya kujaza punje, na msimu mzima unapotea hata kama amani inarudi mwezi unaofuata.

Waliokimbilia mjini wanaomba kipande kidogo kwa wenyeji, ao wanalima nyuma ya nyumba. Hapo kinachopandwa kwanza ni lengalenga: wiki tatu ao ine tu, majani yanachumwa na kuingia kwenye chungu, wakati maharagi ndiyo kwanza yanakaribia kutoa maua.