Mtoto wa Wote, Jukumu la Nani? Ulezi na Sheria Kutoka Kilwa hadi Nyangamara

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, ina kifungu ambacho wanafunzi wangu wengi hukisoma haraka na kukipita. Ni kifungu cha 95. Kinamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aifikishe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Maneno yenyewe ni machache. Hata hivyo, yanajibu swali ambalo pwani ya kusini imelijibu kwa namna tofauti kwa zaidi ya karne moja na nusu: nani anawajibika kwa mtoto asiyemzaa yeye?

Nachukua mfano wa Nyangamara, kata iliyo bara ya mji wa Lindi, katika Halmashauri ya Mtama ambayo zamani tuliijua kama Lindi Vijijini. Maeneo ya aina hii hayatajwi katika vitabu vya sheria, ilhali huko ndiko sheria inakopimwa. Wakati wa korosho na ufuta wazazi hushinda mashambani, na mtoto hubaki kwa bibi, kwa dada yake mwenye umri wa miaka tisa, au kwa mama wa jirani anayekusanya watoto kumi uani kwake. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwandikia makala haya, ingawa huenda asiyasome.

Kabla ya serikali yoyote kutunga sheria, jamii za Wamwera, Wamakonde na Wayao zilikuwa na utaratibu wao. Ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye aliyeulizwa juu ya wapwa zake. Watoto walipoingia jandoni au unyagoni, walikabidhiwa kwa nyakanga, kungwi na somo. Watu hawa walijulikana kwa majina, walifundishwa kazi yao na waliowatangulia, na walifungwa na miiko. Mtoto akidhurika, ukoo ulijua mlango wa kubisha. Tukiondoa vyeti na mihuri, huo ulikuwa uwajibikaji wa kitaaluma.

Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kuupaka wanja wakati uliopita. Mamlaka yaleyale yaliyompa mkubwa nguvu ya kumlinda mtoto yalimpa pia nguvu ya kumtoa rehani wakati wa njaa au deni. Kisa cha Swema, binti wa Kiyao, kinatosha kuwa ushahidi. Katika miaka ya 1860 alichukuliwa kwa sababu mama yake alishindwa kulipa deni la nafaka, akauzwa kwa msafara uliokuwa ukielekea Kilwa, kisha akafikishwa Unguja, ambako aliokolewa na kulelewa na masista wa Kikatoliki. Kisa chake kiliandikwa na wamisionari. Watoto wengi waliopita Kilwa Kivinje hawakupata mwandishi. Udugu pekee, basi, haukuwa ulinzi. Ulilinda pale ulipokuwa na nguvu na chakula, na ulivunjika pale mtoto alipogeuka kuwa kitu pekee cha thamani kilichobaki ndani ya nyumba.

Wageni nao walijaribu kusimamia ulezi huo. Mwaka 1913, kule Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alianzisha jando la Kikristo chini ya uangalizi wa padri. Tunaweza kumlaumu kwa kuingilia mila za watu, na wapo waliomlaumu. Hata hivyo, alitambua jambo moja: kwamba pale mtoto anapokabidhiwa kwa mtu mzima mbali na macho ya wazazi, lazima awepo mtu wa tatu anayetazama.

Serikali ya kikoloni ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937 ilimtazama mtoto hasa alipofika mbele ya hakimu. Mtoto aliyeumizwa kijijini kimyakimya alibaki nje ya macho yake.

Baada ya uhuru, ulezi ukawa suala la maendeleo. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kusimamia makao ya watoto. Vijiji vya ujamaa vilipoenea katika miaka ya 1970, vituo vya kulelea watoto mchana vilihimizwa ili akina mama wapate nafasi ya kufanya kazi za pamoja, na mwaka 1981 Bunge likapitisha Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, Namba 17. Kwa mara ya kwanza mlezi wa kituo akawa mtu anayetambuliwa na sheria ya nchi. Lakini ujira wake uliachwa mikononi mwa kijiji, na kijiji kilipoishiwa, kituo nacho kilififia.

Sheria ya 2009 ilizifuta sheria hizo za 1937, 1968 na 1981, ikakusanya mambo yake mahali pamoja. Ilikuja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika mwaka 2003. Mwaka huohuo wa 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2011, yalionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu hizo ziliuvunja uongo mmoja wa kale, kwamba mambo haya ni ya mijini na ya watu waliopotea.

Sasa turudi kwa yule mama wa Nyangamara. Anamvua mtoto nguo ili amwogeshe, anaona alama mwilini. Sheria inamtaka aseme. Lakini mtuhumiwa anaweza kuwa mjomba wa mtoto, na mjomba huyo anaweza kuwa ndiye mwenye kiwanja anachokitumia. Jioni wazee watakuja na maneno tunayoyajua sote: “Tuyamalize nyumbani.” Kifungu cha 95 hakimwambii ataishije kijijini kesho yake. Zaidi ya hayo, sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya sheria nchini.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya kihistoria. Zamani wajibu ulikuwa na jina la mtu, lakini haukuwa na mtu wa tatu wa kutazama. Leo watazamaji tunao: kamati za MTAKUWWA za kijiji na kata, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii, simu namba 116. Kinachokosekana ni jina. Wajibu uliogawiwa kwa kila mtu hugeuka kwa urahisi kuwa wa hakuna mtu. Mchungaji wa wengi hana mshahara.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa halmashauri wanaonisoma waanze na orodha. Kila kijiji kiwajue wanaolea watoto wa wengine, wenye vituo vilivyosajiliwa na wasio navyo, pamoja na makungwi na manyakanga. Wafundishwe kwa Kiswahili nini cha kuripoti na kwa nani. Jina la mtoa taarifa lisifike kwenye baraza la wazee. Na wapewe ujira, kwa maana hatuwezi kumdai mtu nidhamu ya taaluma tuliyokataa kuilipa. Nanyi wanaharakati, msiende kijijini kuwafundisha watu kupenda watoto. Wanawapenda. Waulizeni ni nani atakayesimama na yule atakayethubutu kusema.