Enzi za Bendi za Makazini

Jua la Dar es Salaam likishapoa, watu hutoka. Wako wanaoshuka Coco Beach kula mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili, wako wanaobaki barazani wakicheza bao. Lakini kwa miongo mingi starehe kubwa ya jiji hili ilikuwa dansi, na katika historia ya dansi ni nadra watu kuuliza nani aliyenunua magitaa.

Mwanzoni wanamuziki walinunua wenyewe. Vijana wa mjini walikuwa na vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo. Dar es Salaam Jazz Band ilipoanzishwa mwaka 1932 ilikuwa klabu ya wanachama, na zilizofuata zilikwenda njia hiyohiyo. Western Jazz ilianzishwa na watu waliotoka Jimbo la Magharibi. Kilwa Jazz jina lake linajieleza. Santuri za rumba kutoka Kuba ndizo zilizokuwa darasa lao, na Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ukajaa watu waliovaa suti na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa.

Mwaka 1964 mambo yakageuka. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, na mpiga muziki akawa mwajiriwa kama karani: ana mshahara, ana bosi, ana ratiba. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Aliyehamia bendi nyingine aliliacha gitaa jukwaani akaondoka na vidole vyake.

Mashirika yakafuata moja baada ya jingine. Umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee; polisi na JKT nao hawakubaki nyuma. Maquis du Zaire, waliotoka Kongo, walikuwa tofauti: walijiundia kampuni yao wenyewe, wakaiteka Ubungo pale White House. Jumapili mchana kulikuwa na bugi, dansi la vijana ambao usiku wasingeruhusiwa kutoka.

Hakuna ushindani uliowapa watu wa Dar raha kama ule wa Msondo, yaani bendi ya NUTA, na Sikinde, yaani Mlimani Park. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo, sauti nzito ya NUTA tangu mwanzo, aliondoka na wenzake kwenda kuunda Mlimani Park, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Bendi zote mbili zilichukua mitindo yao kwenye ngoma za Pwani, na hapo mji ukagawanyika. Sikiliza wimbo wao wowote wa miaka ile. Unaanza polepole, mwimbaji anaeleza kisa chake, ndoa iliyovunjika au rafiki msaliti, na watu wanacheza huku wakisikiliza maneno. Kisha tarumbeta na saksafoni zinaingia, solo linapanda, tumba inaharakisha, na ndipo linapoanza chemko. Anayeguswa anasogea mbele na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso.

Wapo wanaosema bendi hizi zilikuwa vipaza sauti vya serikali tu. Ni kweli ziliimba sana kuhusu chama na viongozi. Hata hivyo mshahara uliwapa watunzi muda wa kukaa wiki nzima na wimbo mmoja, wakarekodi Radio Tanzania kazi ambazo hadi leo zinakubalika harusini. Naamini kabisa kuwa bila mwajiri tusingekuwa na hazina hiyo.

Kisha mashirika yenyewe yakadhoofika. Biashara huria ya miaka ya 1980 ilieneza disko, televisheni ikaingia Tanzania Bara mwaka 1994, na Bongo Fleva ikawachukua vijana. Bendi ya NUTA, iliyokuwa imebadilika kuwa JUWATA kisha OTTU, ikabaki na jina la Msondo Ngoma tu. Gurumo, aliyepita Sikinde na Safari Sound kabla ya kurudi nyumbani, alifariki mwaka 2014. Mpambano wa Msondo na Sikinde umeendelea kuandaliwa sikukuu za Idi na Krismasi, mara nyingi TCC Chang'ombe, ila sasa wanamuziki wanagawana kiingilio cha mlangoni na zile noti za kwenye paji la uso.