Jina na Idadi: Urithi wa Mapigano ya Somme

Katika taarikh ya vita vya mahandaki, mapigano ya mto Somme, yaliyopiganwa kaskazini mwa Ufaransa tangu tarehe 1 Julai hadi 18 Novemba 1916, ndiyo yatajwayo aghlabu kila yanapozungumzwa mauaji makubwa yenye faida ndogo. Kwani baada ya miezi minne na nusu majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yamesogea mbele kilomita 10 hivi, ilhali waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka wa pande zote mbili walipita milioni moja. Makala haya yanadai kuwa athari ya mapigano hayo iliyodumu kuliko zote haimo katika ardhi wala katika mbinu za vita, bali imo katika kanuni iliyotiwa nguvu na wingi wa maiti wake: kwamba kila aliyekufa vitani, mkubwa kwa mdogo, mwenye kaburi na asiye nalo, ana haki ya kuandikwa kwa jina lake, nayo yanadai pia kuwa kanuni hiyo, kwa watu wa Afrika Mashariki, haikutimizwa.

Yafaa kwanza kutazama namna walivyokufa. Kwa siku saba mizinga ya Waingereza ilifyatua makombora yakaribiayo milioni moja na nusu, na majemadari wakaamini kuwa senyenge zimekatika na adui amefukiwa. Kumbe makombora mengi hayakuwa ya kukata senyenge, mengine hayakulipuka, na Wajerumani walikuwa wametulia mashimoni mwao, waliyoyachimba kwenda chini sana katika mwamba laini wa chokaa. Ilipotimia saa moja u nusu ya asubuhi ya Julai 1, askari walitoka handakini wamebeba mizigo ya kilo 30 hivi, wengi wao wakienda safu kwa safu, mwendo wa kutembea. Wajerumani nao wakapanda juu, wakatega bombomu zao. Jua lilipokuchwa Waingereza 57,470 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametoweka, na 19,240 katika hao walikuwa wamekufa. Penye kijiji cha Serre kilikuwapo kikosi cha Accrington, mji wa viwanda vya nguo, ambamo ndugu na majirani walijiandikisha kwa ahadi ya kupigana pamoja. Walitoka watu 700 hivi, na katika muda wa nusu saa zaidi ya 580 walikuwa wameuawa, wameumia, au hawajulikani walipo. Waliojiandikisha pamoja walianguka pamoja, na msiba ukaingia mitaa mizima kwa siku moja.

Wapo wanahistoria wanaomtetea Jemadari Douglas Haig, wakisema kuwa mapigano hayo yaliwapunguzia Wafaransa shida iliyowakaba huko Verdun tangu Februari, yakawachosha Wajerumani hata wakarudi nyuma mwanzoni mwa 1917, na yakalifunza jeshi la Uingereza namna ya kuoanisha mizinga na askari wa miguu, pamoja na kutumia vifaru, vilivyoonekana vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba. Hoja hii ina uzito wake, wala si insafu kuipuuza. Walakini mbinu huzeeka, na ardhi iliyonunuliwa kwa damu ile Wajerumani waliitwaa tena kwa siku chache mwezi wa Machi 1918.

Kilichosalia ni majina. Huko Thiepval limesimama jengo lililosanifiwa na Edwin Lutyens na kuzinduliwa mwaka 1932, na katika kuta zake yamechorwa majina zaidi ya 72,000 ya watu wasiojulikana makaburi yao. Hata leo, mifupa ikifukuliwa shambani na mwenyewe akatambulika, huzikwa chini ya jiwe lake mwenyewe, na jina lake huondolewa ukutani. Ukuta ule, basi, ni kama daftari la madeni: deni likilipwa, jina hufutwa.

Mwaka ule ule wa 1916 vita vilikuwa vimeenea katika nchi zetu, na ingawa mahandaki yalikuwa machache, wachukuzi waliobeba vyakula na risasi za jeshi walikufa kwa malaria, kuhara damu na njaa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaahidi, kwa maandishi yake, kwamba jina la aliyekufa litakumbukwa na wanawe. Lakini mchukuzi hata mmoja hakuandikwa hapo kwa jina. Mwaka 2021 tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na azitazame msomaji tarakimu hizo: wafu wa siku moja ya Somme wamehesabiwa hata mtu wa mwisho, ilhali kwa hawa kosa la hesabu peke yake lapita watu laki mbili.

Alama yao iliyo hai ni Kariakoo, soko na mtaa wa Dar es Salaam, ambao jina lake latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, lililotamkwa kwa ulimi wa wenyeji. Jina hilo ni la kikosi, si la mtu. Kule Thiepval jina hufutwa mwenyewe apatikanapo. Kwetu hakuna la kufuta, kwa kuwa deni lenyewe halikupata kuandikwa.