Watoto wa Majengo na Mlango wa Shule



Ramadhan iliyopita tulikuwa Majengo tukingoja adhana ya magharibi. Mzee mmoja akamtazama kijana aliyekuwa akipanga tende kwenye sahani, akasema vijana wa siku hizi shule hawaitaki. Kijana hakujibu kitu. Mimi namjua vizuri. Tulikaa dawati moja mpaka kidato cha pili, na kwa hesabu alikuwa akiniacha mbali. Muhula mmoja alirudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu ya pesa, na mara ya nne hakurudi tena. Leo anauza viatu vya mtumba Gikomba.

Wallahi maneno ya yule mzee yaliniuma, maana historia ya mtaa wetu haisemi hivyo.

Pumwani ilifunguliwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja. Majengo ikajaa Waislamu: Waswahili kutoka pwani, Wamanyema, Wanubi, na Wakikuyu waliosilimu. Wakati huo shule ziligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School. Wahindi walikuwa na Duke of Gloucester, ndiyo Jamhuri High ya leo. Kutoka Majengo mpaka Jamhuri ni mwendo wa miguu tu, lakini mtoto wa Majengo haikuwa yake. Mwafrika aliyetaka sekondari alitazama Alliance, iliyofunguliwa kule Kikuyu mwaka 1926 na makanisa ya Kiprotestanti, au Mang'u ya Wakatoliki.

Sasa jiweke mahali pa mzazi wa Majengo miaka hiyo. Umempeleka mwanao chuoni, amehitimu msahafu, kisha umkabidhi kwa misheni? Aingie Juma atoke John? Hofu ile ilikuwa na sababu, na mimi siwalaumu wazee wetu kwa hilo. Tatizo ni kwamba hofu ilibaki hata sababu yake ilipopungua. Kule Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza Waislamu wasiiache elimu ya kisasa. Si wote waliomsikia.

Wala si Waislamu peke yao waliokosa shule. Tarehe 24 Aprili 1954 ilikuja Operesheni Anvil. Askari waliizunguka Nairobi, wakapita mitaa ya Eastlands wakiwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru, maelfu kwa maelfu. Vita vile vya hali ya hatari vikawaacha watoto wengi barabarani bila wa kuwatunza. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakaanzisha Starehe kwa vibanda viwili vya mabati ili kuwapokea watoto kama hao. Na matokeo yake tunayajua sote. Shule iliyoanza na chokora ikaja kuwa miongoni mwa zinazoongoza mitihani Kenya nzima. Sasa hao nao walikuwa hawataki shule?

Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka shule za rangi ziishe, na zikaisha. Lakini palipokuwa na rangi pakabaki karo. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza, halafu michango ya majengo ikaingia mahali pake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mzigo ukaongezwa kwa mzazi, wakati ule ule mfumo wa 8-4-4 ulipokuwa ukidai karakana na vitabu vipya. Mwaka 2003 Rais Kibaki akafanya shule ya msingi kuwa bure, na kuanzia 2008 serikali ikawa inalipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 10,265 kwa mwaka. Mwaka 2018 zikafika 22,244.

Rafiki yangu aliacha baada ya hapo, katika enzi hiyo inayoitwa ya bure. Alifukuziwa pesa za chakula cha mchana.

Pale Isli kuna hadithi nyingine. Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wakaguliwe uraia, wakapewa kadi za waridi. Ukaguzi wa vitambulisho kwa Wasomali, Wanubi na Waislamu wengine uliendelea miaka mingi. Kijana akiona kaka yake amemaliza kidato cha nne na bado anazungushwa ofisi hadi ofisi akitafuta kitambulisho, atasoma kwa moyo gani?

Lakini kuna jambo ambalo mkoloni hatuwezi kumsingizia, na hili ni letu sisi. Ni wasichana. Tangu 1994 Wizara ya Elimu inaruhusu msichana aliyezaa arudi shule, na Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza kumwoza mtoto. Bado tunawajua mabinti waliotolewa kidato cha pili wakaolewa, na sisi wenyewe tukaenda kula pilau.

Nirudi kwa rafiki yangu. Tulipokwisha kuswali siku ile alinivuta pembeni, akaniuliza mtu akitaka kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi anajiandikisha wapi, na ni pesa ngapi. Kundi la mwisho la 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza 2024, na KCSE yao ni ya 2027, kwa hivyo anahesabu miaka. Nikamwambia nitamuulizia. Ramadhan nyingine hii imefika, na jibu sijampelekea.