Kutafsiri mkanda

Kwenye duka la muvi karibu na stendi ya Newala, ukitoa flashi tu unaulizwa: "Ya kawaida au iliyotafsiriwa?" Komando ni ile ile ya 1985, na Arnold Schwarzenegger ni yule yule na bunduki zake, lakini ukijibu "iliyotafsiriwa" unaondoka na mkanda mwingine kabisa. (Mkanda, ndiyo. Kaseti zimebaki makazi ya buibui, ila muvi kali bado huitwa mkanda hata ikikaa ndani ya kidude kisichozidi kucha.)

Wajuzi wa lugha hulikunjia uso neno hilo la kutafsiri. DJ, yaani msimulizi wa mkanda, hatafsiri, wanasema, anajisemea. Na kweli, anaishusha sauti ya asili, anashika maiki, kisha peke yake anakuwa staringi, adui, mama mzazi na mlio wa bastola. Anatania, na msaliti anamtaja kabla filamu haijamtaja. Utotoni Masasi, katika banda la video lenye jenereta ikinguruma nje, msimulizi alitwambia adui kajificha nyuma ya Mlima Mtandi. Banda zima likageuza shingo.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo deki ndiyo iliyotufikia kwanza, na waliolipia benchi wengi hawakujua Kiingereza. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alisimulia mbele ya watazamaji, baadaye sauti yake ikaingia kwenye kaseti za VHS na kusafiri bila mwenyewe.

Kudabi ni kitu kingine. TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011, Kichina kiliondolewa na wahusika wakapewa sauti za Kiswahili. Kwa DJ, Kiingereza bado kinasikika chini chini kama ugomvi wa chumba cha pili. Poland nako televisheni hutumia msomaji mmoja juu ya sauti za asili, lakini yule husoma kikavu kama karani wa mahakama. Wa kwetu angefukuzwa kazi siku ya kwanza kwa kusoma hivyo.

Sasa lile neno. Tafsiri limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni ufafanuzi. Kuhamisha maneno toka lugha hadi lugha Waarabu huita tarjama, nasi tunalo neno tarjuma. Nenda darsa la Ramadhani: sheikh anasoma aya, anasimama, anaifungua, anatoa mfano wa mtaani, anaendelea. Sheikh hatanishukuru kwa mfano huu, lakini mwendo ndio huo huo. Basi DJ anatafsiri kwa maana kongwe zaidi kuliko ya wanaomsahihisha.

Ugumu unakuja kwenye diski za wenzetu. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa King Kong ya 1933 kwenye diski ya leza, na katika njia ya pili ya sauti mwanahistoria Ronald Haver akawa anaieleza filamu inapokwenda. Tangu hapo matoleo ya filamu za zamani huuzwa na maelezo kama hayo, mara nyingi ya mwongozaji mwenyewe. Tuyaiteje? Mimi nachagua sherehe. Kabla halijajaa pilau na vigelegele, neno hili lilikuwa na maana ya ufafanuzi, na vitabu vya mashairi bado huweka sherehe ya maneno magumu kurasa za mwisho.

Tafsiri haiwezi kubeba maana zote mbili, na sababu niliigundua Newala kwa shangazi. Nilishika rimoti nikabonyeza kitufe cha sauti, nikitafuta ile ya asili. Haikuwepo, DJ na filamu vimechanganywa vikawa sauti moja. Sherehe huzimwa.

"Unatafuta nini, baba?" shangazi akaniuliza. "Mwache DJ aongee."