Vidonge vya chuma vya Pemba: jaribio lililosimamishwa katikati

Ukienda duka la dawa na mtoto mgongoni ukasema "huyu damu imepungua", hazipiti dakika tano umeshapewa chupa ya dawa ya kuongeza damu. Ina utamu kidogo na ladha kama umelamba msumari. Ndani yake kuna madini ya chuma. Wengi wetu tumekunywa, na wengi tunawapa wanetu bila kuuliza sana. Chuma kinaongeza damu, damu ndiyo uhai, sasa hata ukimpa mtoto asiyekihitaji ubaya uko wapi?

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa uzito wake wote, na lilijibiwa hapa hapa kwetu, kisiwani Pemba, kati ya mwaka 2002 na 2003. Jibu lake lilibadilisha miongozo ya dunia nzima. Lakini cha ajabu, ukiwauliza wanafunzi wa afya hapa Tanzania, wengi hawajawahi kusikia habari hii. Basi twende pamoja.

Kwanza, kwa nini chuma?

Chuma ni sehemu ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya damu. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati anakuja duniani na akiba ya chuma aliyoipata tumboni kwa mama yake, na akiba hiyo inamtosha kwa takriban miezi sita. Baada ya hapo anahitaji chuma kutoka kwenye chakula, na hapo ndipo shida inapoanza. Uji mtupu wa mahindi una chuma kidogo, na hicho kidogo chenyewe kimeshikwa na kemikali za nafaka kiasi kwamba utumbo unapata sehemu ndogo tu. Ongeza malaria, inayopasua seli nyekundu za damu. Ongeza minyoo ya safura, inayonyonya damu tumboni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta 58% ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu.

Na upungufu huu hauishii kwenye uchovu. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika Kengeja, kusini mwa Pemba. Watoto wadogo waliopewa chuma walipiga hatua zaidi kwenye lugha na kwenye viungo, yaani kuongea na kutembea, kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kwa hiyo tukikaa bila kufanya chochote, watoto wanaumia pia. Naomba ulikumbuke hilo hadi mwisho.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 1998 ulikuwa mwepesi kueleweka: mahali ambapo 40% au zaidi ya watoto wana upungufu wa damu, mpe kila mtoto wa miezi 6 hadi 24 miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za asidi ya foliki kwa siku. Kila mtoto, bila kupima. Kupima ni gharama, na tatizo lenyewe liko kila nyumba.

Minong'ono ya zamani

Wapo waliokuwa na wasiwasi. Karne ya 19 huko Ufaransa, daktari Armand Trousseau alionya kwamba kumpa chuma mgonjwa ambaye kifua kikuu chake kimetulia kunaweza kukiamsha. Mwaka 1978 ikatoka ripoti kuhusu wahamaji wa Kisomali 137 wenye upungufu wa chuma. Baadhi walipewa chuma, wengine vidonge vitupu. Waliopewa vidonge vitupu walipata maambukizi mara 7. Waliopewa chuma, mara 36, na miongoni mwa hayo kulikuwa na malaria na kifua kikuu vilivyokuwa vimelala mwilini vikaamka.

Lakini upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Mwaka 1997 yalitoka matokeo ya Ifakara, mkoani Morogoro, kwa watoto wachanga 832. Chuma kilipunguza upungufu mkali wa damu kwa takriban 29%, na malaria haikuongezeka. Sasa unamsikiliza nani? Ifakara ilikuwa kwetu, ilikuwa ya karibuni, na ilikuwa kwa watoto. Wasiwasi ukapungua. Tatizo ni kwamba hakuna utafiti wowote uliokuwa mkubwa kiasi cha kujibu swali lenye uzito kuliko yote: je, kumpa kila mtoto chuma kunapunguza vifo, au kunaviongeza?

Pemba, 2002

Pemba ilifaa kwa swali hilo. Malaria ilikuwepo mwaka mzima, upungufu wa damu ulikuwa kila kijiji, na mjini Chake Chake kulikuwa na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Januari 2002 jaribio likaanza kwa watoto wa mwezi 1 hadi 35. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wapo waliopata chuma na asidi ya foliki, wapo waliopata hivyo viwili pamoja na zinki, wapo waliopata zinki tu, na wapo waliopata kidonge kitupu kisicho na kitu. Mama hakujua mwanawe yuko kundi gani, na mgawaji wa vidonge hakujua pia.

Hapa najua kuna msomaji ameshakunja uso. Kidonge kitupu kwa mtoto mwenye shida? Subiri kidogo, nitalirudia swali lako.

Majaribio makubwa kama haya huwa na bodi ya kujitegemea ambayo kazi yake ni kuangalia takwimu zikiwa bado zinaingia, na kupiga kengele kukiwa na hatari. Bodi ya jaribio la Pemba ilipiga kengele. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yote yaliyokuwa yanapewa chuma na asidi ya foliki yalisimamishwa, kabla ya muda uliopangwa.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet Januari 2006, yakihusu watoto 24,076. Waliopewa chuma na asidi ya foliki, wawe na zinki au bila zinki, walikuwa na uwezekano wa 12% zaidi wa kufariki au kuugua kiasi cha kulazwa hospitali.

Tuielewe vizuri hiyo 12%, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Haina maana kwamba watoto 12 katika kila 100 walidhurika. Maana yake ni hii: pale ambapo bila chuma wangelazwa au kufariki watoto 100, kwa chuma walikuwa 112. Ukiangalia vifo peke yake vilikuwa 15% zaidi, lakini tofauti hiyo haikuwa imara kitakwimu. Huenda ilikuwa bahati tu. Kwa kulazwa na vifo vikijumlishwa pamoja, bahati peke yake haikutosha kueleza.

Sasa rudi kwenye kidonge kitupu

Jiweke kwenye nafasi ya nesi wa wodi ya watoto Chake Chake mwaka 2003. Mtoto analetwa ana homa kali, malaria. Je, hiyo ni malaria ya kawaida ya msimu, au ni ile iliyochochewa na kidonge? Huwezi kujua. Kati ya watoto 112 waliolala mbele yako, 100 wangekuja hata bila chuma, na hao 12 wa ziada hawana alama usoni. Mama naye hawezi kujua. Anachokiona ni kwamba mwanawe alikuwa anapata dawa nzuri, kwa bahati mbaya akaugua, kama watoto wengine wanavyougua.

Madhara ya kiwango hiki hayaonekani kwa jicho la mtu mmoja, awe daktari bingwa au bibi aliyelea wajukuu ishirini. Yanaonekana kwa kuhesabu tu, na kuhesabu kunahitaji kundi la kulinganisha. Sasa fikiria kama mwongozo ungetekelezwa moja kwa moja, vidonge kila kijiji, bila kundi la vidonge vitupu. Watoto wangeendelea kuugua, sisi tungeendelea kugawa, na kila mtu angelala usingizi akijua ametenda wema.

Kwa nini ilitokea?

Ukweli ni kwamba si sisi peke yetu tunaohitaji chuma. Vimelea vya malaria na bakteria wengi wanakihitaji ili wazaliane. Mwili unalijua hilo. Unapoingiliwa na maambukizi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo inafunga milango: utumbo unaacha kufyonza chuma, na akiba iliyopo inafungiwa ndani ya seli ili adui asiipate. Ukimpa chuma mtoto mwenye maambukizi, ni kama kupeleka mahindi ghalani wakati panya wamo ndani.

Utafiti wa maabara umeonyesha pia kwamba vimelea vya malaria hustawi zaidi kwenye seli nyekundu changa, na hupata tabu kwenye seli za mtu mwenye upungufu wa chuma. Mwaka 2012 utafiti wa Muheza, Tanga, uliofuatilia watoto 785, ulikuta wale wenye upungufu wa chuma wanapata malaria kali na kufariki kwa kiwango kidogo zaidi. Upungufu unamdumaza mtoto, na wakati huohuo unamkinga kiasi. Hata asidi ya foliki ilitiliwa shaka, kwa sababu dawa ya SP iliyotumika kutibu malaria enzi hizo inafanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki.

Kuna vipande viwili vinavyokamilisha picha. Cha kwanza: jaribio linalofanana na la Pemba lilifanyika kusini mwa Nepal, ambako malaria si tatizo kubwa. Huko chuma hakikuongeza vifo wala kuvipunguza. Cha pili kilikuwa Pemba kwenyewe. Kulikuwa na kundi dogo la watoto kama 2,400 ambao walipimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu zaidi. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo walinufaika na chuma: matatizo makubwa yalipungua.

Kwa hiyo ni kidonge kilekile. Kwa mtoto anayekihitaji, ambaye malaria yake inagunduliwa na kutibiwa, ni dawa. Kwa mtoto asiyekihitaji, kwenye kisiwa chenye mbu usiku kucha na hospitali mbali, kinaweza kumlaza wodini.

Baada ya Pemba

Juni 2006 Shirika la Afya Duniani liliita wataalamu mjini Lyon, Ufaransa. Ushauri uliotoka: kwenye maeneo ya malaria, usimpe chuma kila mtoto bila kuangalia, wapewe wenye upungufu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2011 ukaongeza kwamba pale ambapo malaria inazuiwa na kutibiwa ipasavyo, chuma hakionyeshi kuiongeza. Mwongozo wa 2016 ukaunganisha yote: watoto wadogo wa maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu wapewe chuma, lakini penye malaria kiende sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Chandarua kikawa sehemu ya lishe.

Maswali hayajaisha. Kwale, pwani ya Kenya, watafiti waliwapa watoto wa miezi sita uji wenye virutubishi vya unga, baadhi ukiwa na chuma. Matokeo ya 2015 yalionyesha kwamba chuma kiliongeza bakteria wabaya tumboni na dalili za uvimbe ndani ya utumbo. Chuma ambacho mtoto hakukifyonza kiliwalisha wengine.

Pemba yenyewe imebadilika. Kuanzia 2003 Zanzibar ilileta dawa mseto za malaria, kisha vyandarua kwa wingi, na malaria ikashuka sana. Jaribio lile likirudiwa leo huenda likatoa jibu jingine, na hilo halitafuta lile la kwanza.

Wewe je, ufanye nini? Usitupe dawa ya damu ya mtoto aliyoandikiwa kituoni. Amepimwa, anaihitaji, mpe kama ulivyoelekezwa, na chupa iweke mbali na mikono yake, maana chuma kingi kwa mkupuo mmoja ni sumu kwa mtoto mdogo. Lakini ile tabia ya kupita dukani na kununua "ya kuongeza damu" kwa kumtazama mtoto macho tu, iache. Mpeleke akapimwe wingi wa damu na malaria. Mlaze ndani ya chandarua. Kwenye uji wake na chakula chake ongeza dagaa, maini au maharage.

Na siku nyingine ukimsikia mtu anasema "ni virutubisho tu, haviwezi kudhuru", mwulize swali moja la Kipemba: mmehesabu?